Saa 258,744

Mume na mke wamejiinua kitandani wanatazamana. Uso kwa uso, kama watu walioshtuliwa usingizini, kila mmoja anamtafuta mwenzake kwanza kabla hajauliza kuna nini huko nje. Nyuma yao malaika ameshika tarumbeta, maana hiyo ndo siku ya ufufuo, na wao kazi ya kwanza waliyoifanya siku ya ufufuo ni kuangaliana.

Kitanda chenyewe ni jeneza.

Nilikuwa Vienna mwezi wa 11, semina ya siku 4, siku ya mwisho tukaachiwa mchana. Wenzangu wakaenda madukani. Mi nikaenda kwa Wakapuchini, kwa sababu nililiona jina kwenye ramani nikashangaa, watawa hawa hawa wenye kanzu za kahawia tunaowajua huku kwetu, kumbe kule ndo wanaolinda maiti za wafalme. Chini ya kanisa lao wamelazwa watu wa ukoo wa Habsburg, waliotawala Austria, karibu 150, tangu karne ya 17. Unakata tiketi, unashuka ngazi, unaanza kupishana na majeneza.

Hili la mume na mke liko kwenye chumba chake lenyewe, na ukiniambia ndani yake imepaki Hiace nitakubali. Ni la Maria Theresa, malkia wa ukoo huo, na mumewe Francis. Mchongaji aliitwa Balthasar Moll, alilimaliza mwaka 1754, wenyewe wakiwa wazima kabisa, yaani walikuwa wanaweza kushuka kuja kujiona wamekufa.

Nilikaa pale muda mrefu. Nilifurahi, sitaki kuficha. Ukitembea kwenye nyumba za wafalme unachoka, kila ukuta ni ngao na panga na mtu amepanda farasi, sasa hapa ghafla kuna wawili wanaopendana. Nikapiga picha nikaondoka.

Ile picha ndo imenisumbua hadi leo, wiki ya 7 sasa.

Kikaratasi cha kwenye kitabu cha sala

Kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege nikaanza kusoma habari zao kwenye simu. Francis alifariki ghafla tarehe 18 Agosti 1765 mjini Innsbruck, walikuwa wamekwenda huko kumuoza mtoto wao Leopold. Harusi ikageuka msiba. Pale mjini kuna lango kubwa la mawe lililojengwa kwa ajili ya ile harusi, upande mmoja limechongwa furaha na upande wa pili limechongwa kilio, na watu wanapita chini yake kila siku wakienda kazini.

Mjane akakata nywele, akagawa nguo zake, akavaa nyeusi miaka 15 yote iliyobaki hadi na yeye akafa. Akaandika kikaratasi kikakutwa ndani ya kitabu chake cha sala. Ni hesabu. Amepiga hesabu ya ndoa yake ilidumu kiasi gani: wiki 1,540, siku 10,781, saa 258,744.

Nikafungua kikokotoo pale pale kwenye treni. 10,781 mara 24. Inakuja 258,744 kamili.

Sijui niseme nini kuhusu mtu anayehesabu ndoa yake kwa saa. Na huyu hakuwa mama wa nyumbani mwenye nafasi ya kukaa na penseli, huyu ndo alikuwa bosi wa Austria na Hungaria na Bohemia, mwanamke aliyerithi mwaka 1740 akiwa na miaka 23 na mimba juu, na kabla mwaka haujaisha mfalme wa Prusia ameshamvamia na kuichukua Silesia, jimbo lake. Alipigana vita miaka 8 ili tu aruhusiwe kukaa kwenye kiti alichoachiwa na baba yake. Alizaa watoto 16, wa kike 11. Katikati ya hayo yote akampenda mumewe hadi ya saa.

Treni ikafika. Nikawa bado nasoma, na nilichokuta mbele kikaniharibia ile picha.

Naples ilihitaji bibi harusi

Mwaka 1756 Austria na Ufaransa, maadui wa tangu na tangu, wakapatana. Kilichowapatanisha ni kumuogopa huyo huyo mfalme wa Prusia. Sasa mkataba wa karatasi unachanika, kwa hiyo ilibidi ushonwe kwa watoto. Ukoo wa Bourbon ulikuwa umekalia Ufaransa, Hispania, na Naples na Parma kule Italia. Maria Theresa alikuwa na mabinti.

Wa kwanza kupangiwa Naples alikuwa Johanna. Akafa kwa ndui Desemba 1762, ana miaka 12.

Nafasi akapewa mdogo wake, Josepha. Mama yake aliandika kwa mkono wake, kumwandikia mlezi wa huyo binti, kwamba anamwona Josepha masikini kama kafara ya siasa, na kwamba akitimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa mumewe basi inatosha. Rudia kusoma hapo. Kafara. Neno ni la mama mwenyewe, sio la maadui zake wala la wanahistoria wa siku hizi.

Oktoba 1767, mambo yote ya safari yakiwa yamepangwa, Josepha naye akafa kwa ndui. Miaka 16. Watu walisimulia kwamba aliambukizwa kule kule chini kwa Wakapuchini, eti mama alimlazimisha kwenda kusali kwenye jeneza la wifi yake aliyekufa kwa ugonjwa huo huo miezi michache nyuma. Siku za ugonjwa hazikubaliani vizuri na hiyo hadithi, inaelekea alikuwa nao tayari, ila unaelewa kwa nini watu waliisimulia.

Na hapa ndo nilipoweka simu chini mara ya kwanza.

Maana baba wa bwana harusi, mfalme wa Hispania, bado alitaka mkwe. Na Maria Theresa akamjibu kwamba kwa furaha atampa mmoja kati ya mabinti aliobaki nao ili kufidia hasara, wapo wawili wanaofaa, Amalia ana sura nzuri na afya, Carolina naye ana afya na umri wake unakaribiana na wa kijana. Jeneza la Josepha lilikuwa bado jipya. Ni lugha ya mtu mwenye duka, ile saizi imeisha ila hii nayo itakutosha.

Akachukuliwa Carolina. Ndoa ikafungwa Vienna mwaka 1768 bila bwana harusi kuwepo, kwa wakala. Sisi watu wa pwani ndoa ya wakala haitushangazi, kinachoshangaza ni kwamba wakala wenyewe walikuwa ndugu za bibi harusi. Unaolewa na kaka yako kanisani halafu unapakiwa kwenye gari la farasi, wiki kadhaa njiani, kwenda kwa mtu hujawahi kumwona. Carolina alikuwa na miaka 15. Kijana aliyemkuta, Ferdinand, alipenda kuwinda na kuvua, na samaki wake alikuwa anawapeleka kuuza mwenyewe na kuwapigia debe. (Kwetu Tanga asingekosa mke, ila tuendelee.)

Carolina baadaye aliandika kwamba anamhurumia mdogo wake Antoinette, kwa sababu yanayomngoja anayajua. Huyo mdogo mtu ndo yule yule unayemfikiria, Marie Antoinette wa Ufaransa, aliyekatwa shingo.

Nikafika nyumbani nimeshaandika kichwa cha habari kwenye simu: "Mnafiki wa Vienna." Nilikuwa na hasira, na nilijua kabisa hasira hiyo sio ya Vienna.

Kwetu

Mama yangu alimchagua baba. Babu hakumtaka, alikuwa na mtu wake Pangani, mwenye mashamba, na baba alikuwa fundi tu wa reli asiye hata na kitanda. Mama alikataa kula siku 3. Hii hadithi tumekua nayo, inasimuliwa kila Idi, babu mwenyewe alikuwa anaisimulia anacheka.

Miaka 20 na kitu baadaye dada akaja na mtu wake, fundi redio wa Muheza, na mama akasema hapana. Hakupiga kelele. Alisema hapana mara moja tu, na ikaisha. Dada aliolewa kwingine, ana maisha mazuri, ukimuuliza atakwambia hayo yameshapita.

Sijawahi kumuuliza mama. Sasa nimekaa na hadithi ya malkia aliyekufa 1780 na ninajifanya ninaandika historia.

Mimi, siyo mimi

Nilichelewa kumkuta binti mmoja kwenye ile orodha, kwa sababu aliitwa Maria Christina na mle ndani kila mtu ni Maria. Nyumbani walimwita Mimi. Kwa Kiswahili hili jina ni mtihani, nitajitahidi.

Mimi alizaliwa siku ya kuzaliwa ya mama yake, 13 Mei, na alikuwa kipenzi waziwazi, ndugu zake walijua na walimchukia kwa hilo, walimwona mbeya anayepeleka maneno kwa mama. Mimi alimpenda Albert wa Saxony. Albert alikuwa mtoto wa mfalme ila wa huko nyuma nyuma kwenye foleni, hana nchi, hana faida yoyote kidiplomasia. Baba mtu, Francis, hakutaka, alikuwa na mtu mwingine kichwani.

Halafu Francis akafa.

Na Aprili 1766, miezi 8 baadaye, ikulu bado iko kwenye msiba, mama akamuoza Mimi kwa Albert. Akawapa na jimbo la Teschen wapate jina na riziki, akampa Albert kazi ya kumsimamia Hungaria. Kule enzi hizo mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa bwana harusi, sio kama huku, na hii ilikuwa mali ya kutisha. Mimi na Albert walipendana hadi mwisho. Ile makumbusho ya picha ya Albertina pale Vienna, jina lake linatokana na huyo Albert asiye na nchi.

Kwa hiyo inawezekana. Mama alikuwa anaweza. Hapo ndo hasira yangu ikakosa pa kukaa, kwa sababu mnafiki wa kweli angewanyima wote.

Amalia naye alikuwa na mtu wake, Charles wa Zweibrücken. Akaomba. Akaambiwa hapana, na mwaka 1769 akapelekwa Parma kwa kijana mdogo kwake kwa miaka 5. Ni miaka 3 tu baada ya Mimi. Nyumba moja, mama mmoja, ombi lile lile.

Nikawa najiuliza tofauti ni nini. Jibu la haraka ni upendeleo, na ni kweli. Ila nilipoirudia ndoa ya mama mwenyewe nikaona kitu nilichokiruka mwanzoni.

Bei ya Francis

Nilikuwa nimeshaichukulia ndoa ya Maria Theresa kama hadithi ya mapenzi, binti anampenda kijana tangu utotoni, wanaoana 1736, basi. Francis alikuwa mtawala wa Lorraine. Ufaransa haikutaka kuona Lorraine, iliyo mlangoni kwake, inaingia kwenye ukoo wa Habsburg kwa ndoa. Kwa hiyo Francis aliambiwa asaini kuiacha nchi ya baba zake, nchi waliyoitawala kwa mamia ya miaka, ndipo apewe mke. Inasimuliwa kalamu aliitupa mara 3. Mwisho akasaini. Lorraine akapewa baba mkwe wa mfalme wa Ufaransa, na huyo alipokufa 1766 ikawa Ufaransa moja kwa moja. Francis akapewa Toscana, Italia, ambako ukoo wa Medici ulikuwa unaishia.

Aliyelipa ni Francis. Binti hakulipa kitu.

Na kwa nini dili lilipigwa hivyo na sio kinyume? Kwa sababu Charles wa Sita, baba yake, hakuwa na mtoto wa kiume, na Maria Theresa ndo alikuwa ile nchi yenyewe. Mrithi haendi kuolewa kwa watu, watu ndo wanakuja kwake. Wafalme wa kigeni walizungumza, mabalozi wakazunguka, ila mwisho wa siku aliyekuwa anatakiwa ni yeye na mwenye kutakiwa ana nafasi ya kutaka. Mabinti zake aliowaoza wote walizaliwa wakiwa na kaka.

Tangu hapo nikaacha kuiona ile ndoa kama ni mapenzi yaliyoshinda madaraka. Yalikuwa ni madaraka kujinunulia mapenzi. Alikuwa na uwezo, akajinunulia. Mumewe alipokufa, uamuzi wote ukabaki kwake peke yake, akamnunulia Mimi. Kwa wengine akaona hazina haitoshi, au hakutaka.

Na sidhani kwamba alisahau utamu wake. Mtu aliyesahau hahesabu saa.

Hii ndo sehemu ngumu kwangu. Ningependa asiwe anajua.

"Walikuwa wanamwandikia?"

Wiki iliyopita nikampigia mama. Sikuwa na mpango wa kumuuliza la dada, nilipiga tu, shikamoo, marahaba mwanangu, habari za mvua. Nikajikuta namsimulia Maria Theresa, na mama anapenda hadithi za watu, akawa anasikiliza huku nasikia anachambua mchele.

"Watoto wangapi ulisema?"

"16."

"Ee. Na anatawala."

"Na anatawala."

Akakaa kimya kidogo, mchele unasikika kwenye ungo.

"Hao aliowaoza mbali, walikuwa wanamwandikia?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimesoma wiki 5, nimeshajua tarehe za ndui za kila mtoto, na swali la kwanza la mama ni kama watoto walikuwa wanapiga simu. Nikamwambia ngoja niangalie nitakwambia.

Antoinette aliandika. Kila mwezi, miaka 10, barua zinakwenda zinarudi kati ya Versailles na Vienna. Aliondoka Aprili 1770 na miaka 14, akakabidhiwa kwa Wafaransa kwenye kisiwa cha mto Rhine karibu na Strasbourg, ndani ya kibanda kilichojengwa kwa kazi hiyo tu, na mapambo waliyotundika ukutani yalikuwa picha za Jason na Medea, ndoa mbaya kuliko zote kwenye hadithi za Wagiriki. Goethe, yule mwandishi wa Kijerumani, alikuwa mwanafunzi hapo mjini, akayaona akakasirika, hivi hakuna mtu aliyeangalia? Mama na mwana hawakuonana tena. Na barua za mama zimejaa maagizo, vaa hivi, soma hivi, na zaidi ya yote, mimba iko wapi. Ndoa ilikaa miaka 7 bila kukamilika, hadi kaka yake Joseph akatumwa kwenda kuzungumza na shemeji.

Ila balozi wa Vienna pale Versailles, Mercy, alikuwa anapeleka ripoti za siri kwa mama kuhusu kila kitu binti anachofanya. Kwa hiyo barua za mama zilifika zikiwa zinajua tayari. Antoinette alikuwa anashangaa mama anapata wapi habari. Nilivyomsimulia mama yangu hiyo sehemu alicheka sana, kicheko cha mtu anayemfahamu jirani wa aina hiyo.

Amalia wa Parma hakuandika. Au tuseme aliacha. Alifika kule akaamua kutotii chochote, akafukuza waziri aliyewekwa na wakubwa, akagombana na Vienna na Hispania na Ufaransa kwa pamoja, hadi mama yake akakata mawasiliano. Amalia hakumsamehe mama. Watu wanaoandika juu yake humwita mkorofi. Mi nimempenda kuliko wote, sijui kama inanipasa kusema hivyo.

Na Carolina, yule aliyepelekwa kufidia hasara, akafanya kitu cha tatu. Kwenye mkataba wa ndoa yake kulikuwa na kifungu kwamba akizaa mtoto wa kiume ataingia baraza la serikali. Akazaa wa kiume 1775. Akaingia. Mwaka uliofuata waziri mkubwa Tanucci, mtu wa Hispania, hayupo. Ferdinand akaendelea na samaki wake na Naples ikawa inaendeshwa na mke.

Na kifungu hicho mama yake alikijua. Sasa siwezi kuamua nimsomeje. Alimtupa mtoto shimoni, lakini alimtupia na kamba.

Bibi wa shetani

Ningeweza kuishia kwa Carolina mshindi. Tatizo Carolina naye alikuwa na mabinti.

Mwaka 1790 akawaoza wawili kwa mpigo kwa watoto wa kaka yake Leopold, yaani binamu zao. Mmoja wao akamzaa Marie Louise. Antoinette, mdogo wake Carolina, alikatwa kichwa Oktoba 1793, na Carolina aliwachukia Wafaransa hadi kaburini, na Napoleon akaja kumfukuza Naples. Halafu mwaka 1810 Vienna, iliyokwisha kupigwa vitani, ikampa Napoleon huyo mjukuu Marie Louise. Inasemekana Carolina aliposikia alisema kilichobaki sasa ni yeye kuwa bibi wa shetani.

Ndoa ilifungwa Vienna kwa wakala. Wakala wa Napoleon alikuwa Karl, baba mdogo wa bibi harusi, jenerali ambaye Napoleon alikuwa amemshinda vitani kule Wagram mwaka mmoja nyuma. Na makabidhiano ya binti mpakani yakafuata utaratibu wa mwaka 1770, ule ule wa Antoinette. Mtu alikwenda kwenye makabati akalitoa lile faili.

Kanisani

Kuna kitu sikukisema. Siku ile baada ya kutoka kwa Wakapuchini nilikuwa na nusu saa, nikaingia kanisa la Waagustino, dakika chache tu kwa miguu. Niliingia kukimbia baridi, sikujua lolote.

Sasa najua. Ni hapo Maria Theresa aliolewa 1736 na Francis wake. Ni hapo Carolina, Amalia na Antoinette walisimama mmoja baada ya mwingine, 1768, 1769, 1770, kuolewa na wanaume wasiokuwepo. Marie Louise pia. Na kwa sababu ukoo ule ulikuwa na desturi ya kugawa maiti, mwili kwa Wakapuchini na moyo kwingine, moyo wa Maria Theresa uko hapo, ndani ya kopo la fedha kwenye rafu pamoja na mioyo mingine, nyuma ya mlango wa chuma pembeni mwa kanisa. Niliupita. Nilidhani ni stoo.

Nilichopiga picha ni mnara mkubwa mweupe wa marumaru, piramidi yenye mlango wazi na watu wanaingia wameinama, kazi ya mchongaji Canova. Juu yake maneno machache ya Kilatini ambayo nimekuja kuyatafuta juzi: kwa mke bora kabisa, Albert.

Ni wa Mimi.

Jana nikamtumia dada hiyo picha, na maelezo marefu kama kawaida yangu. Akaangalia. Ikakaa dakika 10 hivi ndo akajibu.

"Huyu ndo yule aliyeachiwa?"

Nikamwambia ndo huyo.

Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha anaandika tena, halafu akatuma picha ya mwanae na sare mpya za shule.